Siku Hiyo Usinisikize

Tunakuja! Wote! Basi zima, wamama wote wa kikundi na wengine hata si wa kanisa letu, wamejiandikisha tu waliposikia ni wewe utatuzungusha. Nilisimama baada ya maombi nikawaambia, "Hatuendi Mombasa kukaa kwa mchanga kama viatu vilivyoanikwa. Kijana wangu ataonyesha sisi ile Mombasa haiko kwa kalenda." Wakapiga vigelegele mpaka mchungaji akachungulia kuuliza nani anaolewa.

Haya, sasa nikusalimie. Hujambo, baba. Najua bado uko hapa Nyeri, umeenda tu Karatina kumuaga rafiki yako na utarudi kula, na haya yote ningeweza kukuambia kwa mdomo. Lakini mdomo wangu unaujua. Ukianza kujisifu hausimami, na kile ninachotaka kukuambia kitapotea huko katikati. Barua hii nitaiweka chini ya nguo zako. Utaisoma ukishafika.

Mambo ya sweta na dawa ya mbu sitaandika. Umekula ugali wangu miaka hii yote, na kama hujajua kujitunza basi karatasi haitakufundisha.

Kwanza ujue vile ninavyoringa. Pale veranda ya duka la Bwana Kanji hakuna mtu ananiletea nguo nipunguze kiuno akaondoka bila habari zako. Juzi mama mmoja wa Timau alikuja kutiwa zipu tu, nikamwonyesha kwa simu picha zako zote za ile wiki uliyokwenda kujaribiwa kazi: yale magofu ndani ya msitu ambapo mizizi imeshika ukuta kama vidole, ile njia ya mbao inayopita juu ya matope katikati ya mikoko, yule fundi anayechonga milango ndani ya kichochoro ambacho wageni hawaingii, na wale wanawake wanaokaanga viazi vya karai kando ya maji. Akaniuliza, "Na hoteli kubwa ziko wapi?" Nikamwambia, "Hoteli kubwa hata kipofu ataonyeshwa. Huyu kijana anaonyesha watu vitu ambavyo wenyeji wenyewe wamesahau." Bwana Kanji akasema kutoka ndani, "Mama Muriithi, hiyo zipu imekwisha zamani. Achilia mteja aende nyumbani."

Huyo Kanji ndiye aliyeniuliza swali ambalo sikulijibu sawasawa. Nilichukua kwake jora zima la kitambaa cha manjano, manjano ile ya mtungi wa mafuta ya kupikia, nishone sare za safari. Akaniangalia juu ya miwani. "Hiyo ilinunuliwa na marehemu baba yangu, na haijauzwa mpaka leo. Wamama wa Nyeri wavae hiyo? Mtaonekana kutoka Meru!"

"Ndiyo maana nimeichukua," nikamwambia.

Akacheka sana. Na mimi nikacheka. Lakini sikuwa natania, na utajua kwa nini.

Umeona cucu yako, mama yangu mzazi, hakuja leo. Ulisema ni goti. Si goti, Muriithi. Nilimwendea asubuhi nikamkuta anachambua maharagwe, nikamwambia, "Maitu, kijana anahamia Mombasa kesho, njoo umtemee mate ya baraka." Hakuinua kichwa. Akasema, "Jina hilo nilishaliaga mara moja likienda huko. Siwezi kuliaga mara ya pili." Akaendelea kuchambua, na nikaona anatupa maharagwe mazuri na kubakisha mabovu.

Unajua umepewa jina la mjomba wako. Unajua alikuwa mtembeza wageni huko Pwani na kwamba bahari ilimchukua. Mengine umesikia vipande vipande, huyu anasema hivi, yule vile, na mimi mwenyewe huwa nakusimulia ile ya mto halafu nanyamaza. Leo sitanyamaza.

Lakini acha nianze na ya mto, kwa sababu bila hiyo hutaelewa.

Nilikuwa msichana wa shule. Tulikuwa tunatoka harusi ng'ambo ya Gura, watu wengi, bibi harusi mbele, na mto ulikuwa chini kabisa, mawe yanaonekana, jua linawaka. Nikaangalia juu kule Nyandarua nikaona wingu limekaa, jeusi chini, halisogei. Nikasema, "Msivuke." Wazee wakanicheka. Nikajilaza pale kwa njia, na gauni langu la kwendea harusi, nikawaambia wanikanyage kwanza. Walipokuwa bado wanabishana jinsi ya kuniondoa, tukasikia kama lori za mawe zinamwaga. Gura ilishuka na miti mizima, mizizi juu. Hapo tuliposimama hakukuwa na tone moja la mvua.

Tangu siku hiyo, mimi nikawa mjuzi wa maji. Watu walinituma niangalie mlima kabla ya kuvusha ng'ombe. Na nilikuwa sikosei! Hilo nalisema bila aibu, hata leo niulize kuhusu Gura au Chania nitakuambia. Maji yanatoka juu. Ukitaka kujua kama yanakuja, angalia kule yanakotoka.

Mjomba wako alikuwa mdogo wangu, yule anayenifuata. Alienda Mombasa akiwa na umri kama wako, akapata kazi kama hii yako, na alikuwa na mdomo kama wangu ila mtamu zaidi. Alituandikia tuje. "Ile pwani ya watu wote mtaiona kwa picha," alisema. "Mimi nitawaonyesha ya nyuma." Nikawakusanya wamama, nikakodi basi. Nilikuwa mdogo kuliko wote na ndiye niliyekuwa mwenyekiti, ujue mama yako hakuanza kuongoza jana. Na nilikuwa na mimba yako. Ilikuwa imeanza tu kuonekana.

Siku ya kwanza, Muriithi, sijawahi kucheka vile. Alitupeleka kwenye mji wa zamani ulioachwa, kuta za matumbawe, visima, na akatuonyesha shimo akasema hiki kilikuwa choo, ndani ya nyumba, miaka mia na mia iliyopita. Mama Njoki akasimama pale, mikono kiunoni. Unamjua Mama Njoki, hajabadilika. "Ati hawa watu walikuwa na choo ndani ya nyumba siku hizo zote, na baba Njoki mpaka leo ananipeleka nyuma ya migomba na tochi?" Tulikalia mawe tukalia kwa kicheko. Mjomba wako alikuwa anatuangalia kama mtu aliyepika chakula akaona sahani zinarudi tupu.

Siku ya pili akatupeleka kwenye pango.

Liko kusini, ng'ambo ya kivuko, chini ya mwamba. Unafika kwa kutembea juu ya mchanga maji yakiwa yametoka. Tulipofika asubuhi, bahari ilikuwa imekwenda mbali, imeacha madimbwi na samaki wadogo ndani, na wamama wakawa wanaokota makombe kama watoto. Ndani ya pango ni kama kanisa. Juu kuna tundu, mwanga unashuka, mizizi inaning'inia. Na baridi! Tulikuwa tumekufa kwa joto la Mombasa, na hapo ndipo mahali pa kwanza tulipohisi kama nyumbani. Tukatandika leso. Tukatoa chapati na chupa za chai. Mama Njoki akaanzisha wimbo, na pango likatuimbia tena, kila sauti ikawa sauti mbili. Hakuna aliyetaka kuondoka.

Mjomba wako akasema, "Mama zangu, wakati umefika. Maji yanaanza kujaa."

Alisema vizuri, kwa sauti ya mwenye kazi. Na wamama wakaniangalia mimi. Si yeye. Mimi ndiye wa Gura, wote walijua ile hadithi.

Nikatoka mpaka mlangoni nikaangalia juu. Mbingu ilikuwa safi kama sahani. Hakuna wingu hata la kupanguza macho. Nikarudi nikasema kwa sauti ya kusikika, "Hii maji itatoka wapi na hakuna mvua? Kaa, Muriithi. Kunywa chai. Ama Pwani imekufundisha kufukuza wageni na kikombe mkononi?"

Wakacheka wote. Unajua kwetu mtu haondolewi chai ikiwa kwa kikombe. Ni kama kumwambia hakuwa wa kualikwa.

Akanijia karibu baadaye kidogo, akasema polepole, "Wairimu, tafadhali. Hapa si Gura." Nikamminya shavu mbele ya watu. Mtu mzima. Nikamwambia, "Hata ungekaa baharini miaka mia, mimi ndiye nilikubeba mgongoni." Wakacheka tena. Na alipojaribu kusema tena, hakusema kama mtembeza wageni wala kama ndugu yangu. Alisema kama mtoto anayeomba ruhusa, na mtoto anayeomba ruhusa unamwambia ngoja.

Tukanywa kikombe kingine. Hicho kikombe.

Maji hayakuja kwa kishindo, mwanangu. Hilo ndilo sikulijua. Mto ukija unakupigia kelele, unakupa nafasi ya kukimbia. Haya yaliingia kama paka anavyoingia jikoni. Leso ya mtu ikalowa pembeni, akadhani ni chai imemwagika. Na tulipotoka mlangoni bahari mbele yetu ilikuwa bado kama iko mbali, lakini ule mchanga tuliopita asubuhi, nyuma yetu, upande wa nchi kavu, haukuwepo. Maji yalikuwa yametuzunguka na kupita huko nyuma kwanza. Sisi tulikuwa tunaangalia mbele.

Alitupitisha kando ya mwamba, mkono kwa mkono, maji magotini, halafu kiunoni. Mimi alinitoa kwanza kwa sababu yako. Nilimkatalia, nikataka kubaki niwahesabu wamama, na hapo ndipo aliponipigia kelele kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikwenda na kurudi. Tulipofika wote juu tukaona Mama Njoki hayupo. Alikuwa amerudi ndani kuchukua chupa ya chai, kwa sababu ilikuwa ya kuazima.

Mjomba wako akamrudia. Alimpandisha kwenye kibao cha jiwe kilicho juu ndani ya pango, na Mama Njoki alikaa huko mpaka maji yalipotoka usiku, akiwa hai, na chupa mkononi. Hakukuwa na nafasi ya watu wawili pale, yeye akabaki chini kwenye maji. Mama Njoki anasema alimwambia, "Kaa hivyo hivyo, mama, usiteremke hata ukisikia naita." Na anasema alimsikia akiita.

Bahari ilimrudisha baadaye, mahali pengine. Tulimleta kwa sanduku lililofungwa. Cucu yako hakumwona uso, na ndiyo maana mpaka leo akisikia mlango anainua kichwa.

Ulipozaliwa, ulizaliwa nyumbani kwetu, na jina lilikuwa liwe la baba yangu, ndivyo desturi. Guka yako akasema, "Langu lisubiri. Mpeni la yule." Kwa hiyo unaona, hili jina hukupewa kwa mzaha. Na lile pango wewe umeshaingia. Ulikuwa ndani yangu, maji yakiwa yamenifika hapa kiunoni. Huwa nafikiri hivyo ukiniambia unaipenda bahari na hujui kwa nini.

Yule mama mwenye nyumba alimokuwa amepanga mjomba wako, Bi Rehema, alinikuta nakusanya shati zake. Alikuwa analia na alikuwa na hasira. "Nyinyi watu wa bara," akaniambia, "mlikuwa mnaangalia juu mkitafuta nini? Mawingu? Bahari haina habari na mawingu! Ina habari na mwezi!" Akanieleza, huku anapiga kitanda kwa mkono. Mwezi ukiwa mzima, au ukiwa haupo kabisa, hapo ndipo maji yanatoka mbali sana, na yakitoka mbali sana ndipo yanarudi kwa wingi. Wanaita bamvua. Siku maji yamekwenda mbali zaidi ndiyo siku inayovutia mgeni zaidi. Hiyo ndiyo siku tuliyokwenda.

Tangu hapo siwezi kuangalia mwezi vizuri. Ukitokea mzima hapo upande wa Kirinyaga, kila mtu Nyeri anasema umependeza, na mimi niko hapa na cherehani yangu, mbali na bahari kama nini, najua kwamba huko chini maji yanavutwa. Najua saa gani yanarudi. Hakuna mtu hapa anayejua kwamba najua. Ati fundi wa nguo, na amekariri bamvua.

Sasa nikuambie linalonitoa usingizi.

Siku ya safari walichagua wao, kwa sababu shule zitakuwa zimefungwa na basi lilikuwa linapatikana. Nikapiga kelele ya furaha na wengine. Nilipofika nyumbani nikatoa kalenda ile yenye alama za mwezi. Kaduara keupe. Mwezi mzima, siku hiyo hiyo.

Jumapili iliyofuata nikasema, pole tu, "Hatuwezi kusongeza wiki moja?" Mmoja akajibu kutoka nyuma, "Mama Muriithi anaogopa maji! Yule wa Gura!" Wakaanguka kicheko. Ningewaambia. Wengi wao siku ile hawakuwepo, wangenisikiliza. Lakini kumi nilikuwa nimeshawaambia wewe ni mjuzi, ishirini nimeshawaonyesha picha, na sikutaka waseme mwenyekiti ametetemeka. Nikacheka na wao. Unaona? Mtu amezika ndugu na bado ni yule yule.

Na Mama Njoki ndiye mwenyewe ameomba pango. Ni mzee sasa, anatembea na fimbo, macho hayaoni vizuri. Alinishika mkono nje ya kanisa. "Nataka kumwimbia pale alipokuwa," akasema. "Kijana atanipeleka. Hawezi kunikatalia, ana jina lake." Muriithi, yeye ndiye mtu ambaye mwenye jina lako alimfia. Utamkatalia vipi? Mimi sikuweza.

Hapo ndipo ninakuhitaji uwe mtu mzima kuliko mimi.

Kupaona mpeleke, simkatazi. Lakini juu ya mwamba, kwenye lile tundu, aimbe kutoka huko na pango litamjibu. Au mchana mwingine, mwezi ukiwa nusu. Wewe ndiye utakayejua, ndiyo kazi yako. Ninachojua mimi ni watu wetu. Ninajua watafika wamechoka na wana furaha, na maji yatakuwa mbali, na mchanga utang'aa, na mmoja atasema tumetoka Nyeri yote kuja kuangalia kutoka juu? Wataniangalia mimi. Na mimi, baba, jinsi ninavyojijua, nikiwa mbele ya watu wote wale na kijana wangu amesimama hapo na shati lenye jina la kampuni, nitafungua huu mdomo. Nitakuambia, "Dakika kidogo tu, Muriithi." Pengine nitakuminya shavu.

Uondoe mkono wangu shavuni. Mbele yao. Uniaibishe. Kama itabidi unipigie kelele, nipigie, na ukinivuta kwa gauni livute mpaka lipasuke, mimi ndiye nimelishona. Wengine watasema kijana hana heshima, Pwani imemharibu, na wataisema mpaka Kerugoya. Acha waseme. Usitumie sauti ya mtoto anayeomba ruhusa. Siku hiyo mimi si mama yako, mimi ni mgeni kutoka bara ambaye hajui kitu. Na kama mtu ana kikombe mkononi, kimwage.

Ile manjano sasa umeielewa. Wao wanasema watapendeza. Nimeshona kila gauni kwa mkono wangu, na kila mshono nilikuwa nafikiria rangi gani mtu anaweza kuiona akiwa juu ya mwamba anaangalia chini, akihesabu vichwa. Lako pia nimeshona, shati. Liko chini kabisa ya mfuko. Livae siku hiyo, hata kazini wakikataa.

Nasikia geti. Umerudi, unaimba, na una kitu umebeba, nadhani umeniletea ndizi. Nitajifanya nilikuwa natia kishikizo.

Cucu bado ana maharagwe yake. Lakini nilipokuwa natoka aliniita akaniuliza kama kitambaa cha manjano kimebaki. Nikamwambia kimebaki. Amesema na yeye anakuja.

Tutaondoka hapa Ijumaa jioni, na tutashuka kwa basi mbele ya ofisi yenu Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Desemba, saa nne asubuhi, maji yakiwa mbali.